Ujira wa Mkunga

Fermín, lile shamba lako la viazi kule mlimani
umelilaza mwaka wa ngapi huu?
Wa sita.
Hata lama humruhusu kulikanyaga,
wasema udongo umechoka.

Haya, mtazame Saturnina.
Ndani ya kope zake hamna damu,
kucha zimepauka kama viazi vilivyolala kwenye barafu.
Wilma hajatimiza mwaka, angali ananyonya,
na huyu amewahi wiki saba.
Nimempima kwa mizani ya sufi:
kilo moja na robo tatu,
pamoja na kofia.

Kuku wako simtaki, mrudishe bandani.
Nilipe miaka miwili
tumbo la Saturnina likiwa lake.

Kliniki ya Achacachi hufunguliwa Alhamisi.
Nendeni wote wawili.