Mama Achagua Chumba

Tulivuka Ruvuma alfajiri, mimi na mama,
na mtoto wake wa jicho, ambaye kwa umri
anamzidi kitindamimba wetu Faustino.

Kilambo wakatugongea muhuri.
Tukapanda mshikaki hadi Mtwara mjini.
Chilumba wa bodaboda akauliza: "Gesti ya bei gani?"
Nikamwambia, ya karibu na kliniki ya macho,
bei tutaijua tukiiona.
Mama, nyuma yangu, akacheka peke yake:
"Tukiiona!"

Ya kwanza na kliniki ni pua na mdomo.
Marumaru mpaka bafuni, feni, runinga,
shuka zimenyooka kama karatasi ya mtihani.
Nikasema, hapa.
Mama akavua kandambili,
akaburuza kisigino mara moja tu:
"Sakafu hii ina mate ya konokono.
Nikianguka nimefungwa bandeji,
huyo daktari wa macho atanishona kiuno?"

Ya pili, mtaa wa nyuma, nafuu kwa elfu tano.
Akaketi kitandani, akainamisha kichwa.
Mimi sikusikia kitu.
Yeye alisikia friji za baa ng'ambo ya ukuta,
chupa tupu zikipangwa kretini.
"Hii saa nane ya mchana.
Saa nane ya usiku itakuwaje?"

Jua lilikuwa linauma.
Metikali nilizobadili mpakani
zilikuwa zikipungua kabla sijazitumia.
Sikumwambia kwamba ni mkaidi.
Nilimshika mkono kwa nguvu kuliko ilivyopasa,
naye akajua.

Ya tatu iko Chikongola,
dakika kumi kwa miguu yangu, ishirini kwa yake.
Saruji ya kukwaruza. Uani mtu anakaanga korosho,
moshi wake umeingia hadi kwenye mito.
Mama akagusa ukuta wa mlangoni,
akaufuata kwa kiganja, akihesabu kwa Kimakonde,
bila kona, bila ngazi, hadi chooni:
kumi na nne.
Akarudi: kumi na nne.
Akaenda tena. Nikadhani anacheza.

Somoe wa mapokezi akafungua daftari kubwa.
Jina: Atanasia Nambole.
Kabila: Mmakonde.
"Wa Newala?"
"Wa Mueda."
"Si ndiyo kwa bibi yangu!" Akapunguza elfu mbili,
hakuna aliyemwomba.
Atokako: ng'ambo ya mto.
Aendako —
hapo kalamu ikasimama, ikanitazama.
Nilikuwa bado natafuta neno
lisilokuwa na kisu wala dawa ya ganzi ndani yake.
Mama akajibu kutoka benchini:
"Andika chooni. Nimeshapajua."

Siku ya tatu bandeji ikatoka.
Alinitazama mimi kwanza, akasema nimekonda,
kisha akamtazama muuguzi, akamwambia vivyo hivyo.

Chumbani akasimama kizingitini.
Ukuta, kijani cha bamia iliyolala.
Pazia lenye picha za treni.
Darini mvua ya mwaka gani sijui
imechora ramani ya kahawia, ina visiwa.
"Humu ndimo tulimolala?"
Nikatayarisha jibu langu: ulichagua mwenyewe.

Hakulingoja.
Alifumba jicho jipya,
akaweka kiganja ukutani,
akaenda chooni kwa kuhesabu.