Kumi Kasoro Robo

Jina lake limo daftarini mwangu, mstari wa ishirini na mbili:
Ombeni wa Nanyori, nyuma ya mashine ya kusaga ya Saria.
Chanjo zote mpaka mwezi wa tisa,
kisha kimya.
Kisanduku cha surua ya pili, mwezi wa kumi na nane,
kiko wazi kama pengo la mtoto wa darasa la kwanza.

Nimekwenda mara tatu. Mlangoni kufuli.
Jirani anafua, hainui kichwa:
"Wamehama. Kodi. Watafute Muriet."
Muriet ni kubwa, mama, nikasema.
"Basi watafute kwenye maharage."

Watoto wa Unga Limited huniita Mama Kadi.
Wengine wakiniona hukimbia, wameshika bega,
na mimi sina sindano hata moja.
Nina daftari, kalamu niliyoifunga kamba,
na viatu vilivyokwisha kusahau rangi ya dukani.

Ghala la tatu kutoka relini.
Wanawake kama arobaini wamekaa chini, miguu wameinyoosha,
jiwe huku, lililooza huku, lililovunjika kule,
vidole vinasoma, macho yako kwingine.
Nanyori sikumjua kwa sura. Nilimjua kwa mtoto:
amelala juu ya gunia tupu, nzi kwenye kope,
kiganjani punje tatu ambazo hakuna aliyezipima.

"Dada, kliniki ni bure," nikaanza, kama tulivyofundishwa.
Akacheka. Si kwa ubaya.
"Bure ya nani?
Nikienda asubuhi, foleni mpaka saa saba,
nikirudi gunia langu lina mtu mwingine.
Hiyo bure naijua bei yake."

Semina haikutupa jibu la hilo.
Nikakaa, nikavuta ungo, nikachambua naye
mpaka sauti yake ikashuka,
ndipo likatoka lililokuwa chini:
kadi ililowa masika, ikawa uji,
na nesi wa zamu akamwuliza mbele za watu,
"Mama gani asiyetunza kadi?"
Neno hilo alilifunga kwenye pindo la khanga,
akahama nalo.

Saa sita msimamizi akaita: mizani!
Wakapanga foleni na magunia yao.
Naye Nanyori, sijui ni mzaha, sijui ni nini,
akamvua mtoto viatu,
akamfunga khanga, akamtundika
kwenye ndoano ile ile ya maharage.
Ghala likanyamaza.
Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukatulia.
"Kumi kasoro robo," akasoma msimamizi,
kwa sauti yake ya kila siku,
kisha akasikia alichosoma, akavua kofia.

Mtu akapiga kigelegele. Mwingine: "Na wangu!"
Wakachomoza nyuma ya magunia, sita, saba,
mmoja analia, mmoja anataka kupimwa tena,
na mimi naandika, naandika,
mpaka kalamu ikakwaruza bila wino.

Sisemi mambo yamekwisha.
Msimamizi amekataa siku nzima; ametoa saa moja,
Jumatano, kabla lori halijafika.
Nesi atakuja na kisanduku chake cha barafu
kama pikipiki itapata mafuta.
Kama.

Kadi mpya nimeijaza kutoka rejesta ya zahanati,
nimeivalisha mfuko wa sukari, masika yakija yaikute imevaa.
Pengo la surua bado ni pengo.
Lakini kwenye mchoro nimeweka nukta,
ndani ya kijani, ukingoni kabisa,
ya kwanza tangu mwezi wa tisa.
Nanyori aliitazama muda mrefu,
akaipapasa kwa ncha ya kidole, kama anavyopapasa punje,
akaona si ya kutupa.