Ongezea Tu

Fundi Eliufoo alifungua nati ya mwisho,
akakigonga kifuniko cha valvu kwa kiganja, mara mbili,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya msiba,
kisha akakinyanyua.
Hakusema kitu. Aliniita kwa kidevu.

Ndani sikuona chuma.
Niliona tope jeusi, zito, limeganda
kama kiburu kilicholala siku tatu,
roka zimezama humo hadi shingoni.
"Oili hii ilimwagwa lini?"

Haikumwagwa.
Kila Jumamosi, kabla ya kushusha ndizi Mbuyuni,
baba alichomoa kijiti, akakifuta kwenye paja la suruali,
akakitazama kwa jicho moja, akasema, "Ongezea tu."
Nasi tukaongezea. Mimi nimeshika mrija,
Elinami anamimina,
na Pijo ikateremka kutoka Kibosho ikikohoa,
moshi wake ukibaki migombani mpaka tumalize chai.

Miaka kumi na tisa.

Leo Pasua ni vumbi na kelele za gesi ya kuchomelea.
Eliufoo anakwangua kwa kijiko kilichokatwa mpini,
anakwangua kwa mswaki, kwa ubavu wa mwavuli,
anaosha kwa dizeli, anaosha tena;
dizeli inaingia ya manjano, inatoka wino.
Kijana wake, Tumsifu, amepakata sampu
kama anayeogesha mtoto asiyetulia,
anachokoa chujio tundu kwa tundu.
Akanionyesha: katika matundu mia
labda kumi yalikuwa wazi.

Kwa hayo kumi tulisomeshwa.

Nikauliza, mbona usitie ile dawa ya chupa,
iyeyushe yote kwa robo saa, twende nyumbani?
Akacheka bila kuinua kichwa.
"Dada, tope la zamani halifukuzwi.
Ukilishtua litabanduka lote kwa mpigo,
likimbilie kwenye chujio, lizibe koo,
gari likufie Njia Panda, nusu safi, nusu maiti.
Hili linabembelezwa."

Mwaka ule Elinami alipohamisha masale
hatua mbili, usiku,
migomba yangu minne ikaamkia kwake
(yangu, ndiyo, kipande alichonipa baba
mbele ya wajomba, ingawa mimi ni binti),
baba alituita wote wawili, akajaza kata ya mbege.
Hakusema mengi. Tukanywa.
Pasaka tukanywa. Krismasi tukanywa.
Juu ya lile la zamani jipya, juu ya jipya lingine.
Hata kwenye matanga tulisimama bega kwa bega,
tumepigwa pasi, tunang'aa,
kama bodi ya Pijo iliyooshwa jana.

Saa kumi na moja chuma kikaanza kuonekana,
kijivu, kinaona haya.
Oili mpya ilishuka rangi ya asali,
Tumsifu akapiga stata,
na injini ikatoa sauti nyembamba, ya ujana,
ambayo mimi sikuwahi kuisikia.
Labda mama aliijua.

Kisha tone.
Chini, kwenye mchanga. Halafu la pili.

Eliufoo akajifuta mikono, kidole baada ya kidole.
"Nililijua hilo. Sili zilichoka zamani.
Tope ndilo lililokuwa linaziba.
Sasa angalau utapaona panapovuja."

Nimemlipa nusu. Nusu nyingine Ijumaa.
Nimekaa juu ya tairi bovu na simu mkononi,
mlima umejifunika shuka lake, hauna habari na mtu.
Imeita mara nne.
"Ee, nani mwenzangu?"
Hana namba yangu.

Nikasema: gari la baba linavuja.
Njoo na tochi.