Yaliyobandikwa Nyuma ya Mlango

Wageni wangu wa chumba cha juu, hapa Shela,
someni kabla ya kushuka ngazi.

Ufunguo mwachieni Bwanaheri jikoni.
Ufukweni hakuna msumari wa kuutundika,
na kiatu si kabati: simu iliyofichwa kiatuni
kila mpita njia ameshaiona.

Mafuta ya jua pakaneni humu ndani, si kule penye upepo,
mkasahau nyuma ya magoti
kama yule bwana wa Nakuru
aliyelala siku tatu kifudifudi, akilishwa ndizi.

Mkiingia majini msinyanyue miguu. Iburuzeni,
kama mtu aliyekatikiwa kandambili.
Taa wa hapa hawaki; hulala chini ya mchanga,
na mkia wake hauombi radhi.
Akisikia mnakuja ataondoka mwenyewe. Ana haya.

Konyeza akikugusa, usisugue.
Siki imo kwenye chupa ya kijani, juu ya friji.
Ile nyeupe ni ya kachumbari, niachieni.

Siku za bamvua maji hutoka mbali
mkadhani bahari imehama.
Haijahama. Imerudi nyuma kuchukua mbio.

Na mkiona katikati ya mawimbi mahali palipotulia,
njia laini kama shuka iliyopigwa pasi,
hapo ndipo msipoingia.

Hili nimeliandika kwa wino mwekundu
tangu alipokuja Kibiwott, kijana wa Iten, mkimbiaji,
aliyepanda na kushuka vilima vya mchanga mara sita
kabla ya mahamri kuiva.
"Bi Zena," akaniambia, "mimi sichoki."
Bahari ikamsikia.

Nilikuwa nimemfuata na kofia aliyoisahau.
Nikaona kichwa chake kinazidi kuwa kidogo.
Alikuwa anakuja kwangu, moja kwa moja, kwa nguvu zote,
na kila alipovuta mkono alirudi nyuma.

Nikavua leso ya juu, nikaipeperusha,
nikaenda nayo mbio ufuoni, upande wa kushoto,
mimi na magoti yangu haya:
Usipigane nayo! Ambaa! Ambaa na pwani!

Sauti haikufika. Leso ilifika.
Akageuka upande, akaifuata,
na mkondo ukamwachia kidogo kidogo
kama mtu aliyechoka na ubishi.
Alitokea mbali sana, akatapika chumvi,
akauliza kama chai bado ipo.

Msiniulize nilijifunzia wapi kuogelea.
Sijui kuogelea.
Kaka zangu walikuwa wakijirusha gatini,
mimi, mtoto wa kike, nikiachiwa nguo zao nizichunge.
Mashati manne, kikoi kimoja.
Nilikaa juu ya jiwe la moto nikitazama
wapi maji yanapinda, wapi yanapovuta,
wapi Shee, mdogo wao, huchelewa kuibuka.
Mwenye kushika nguo huijua bahari kwa njia yake:
anajua ni nani hajarudi.

Basi nendeni, mfurahi. Maji ni matamu asubuhi,
hasa kabla ya saa nne.
Chupa ya maji ya kunywa msiisahau.
Mtoto asiingie peke yake, hata kama maji ni ya vifundoni,
hata kama mnasema mnamwona.

Taulo nimewapa tano, za buluu.
Jioni nitazihesabu kwenye kamba.