Mpaka Kifundoni

Kaja saa nne, eda imekwisha juzi,
Bi Mgeni binti Shaame, wa Mtambwe.
Picha kaifunga kwa leso, ndani ya mfuko wa sukari,
akaiweka juu ya kaunta yetu hapa Limbani
kama mtu anayeweka yai.

Mwanamume kaketi. Koti la kuazima, mabega yamezidi.
Begani, vidole vinne vya hina.
Baada ya vidole, kifundo.
Baada ya kifundo, bangili moja.
Baada ya bangili, mkasi.

"Nnataka ukingo huu usionekane."
"Nifute mkono?"
"Sijasema mkono. Nimesema ukingo."

Basi nikaskani. Skrini ikautanua ule mkato:
umepinda mara tatu,
mkasi wa kushonea, kwa mtu aliyekuwa akitetemeka
au aliyekuwa na haraka.

Nikaongeza tabaka, nikalivika barakoa.
Humu kwenye kompyuta cheusi huficha, cheupe hufichua,
na kijivu, kijivu ndiyo kazi yenyewe.
Brashi nikailegeza hata ikakosa ncha,
mfano wa pumzi juu ya kioo.
Themanini kwa mia penye bangili. Hamsini. Ishirini.
Sifuri.
Nyuma yake vikatokea vile viraba, kijivu na cheupe,
ubao wa dama usio na kete.

"Kitambaa gani hicho?" Kasogea, shungi likagusa skrini.
"Si kitambaa. Ni alama ya pasipo kitu."
"Pasipo kitu napo pana rangi?"

Sikuwa na jibu. Umeme ukakatika.

Feni ikazunguka, ikazunguka, ikachoka.
Ndipo aliposema, si kwangu, kwa kaunta:
"Nna miaka kumi na tisa, naolewa.
Yeye keshaachwa, kesharudi kwao Micheweni,
lakini ukutani yupo, kasimama, anacheka.
Nikifagia, anacheka. Nikikunja mkeka, anacheka.
Siku hiyo nikaishusha picha.
Mkono ukanishinda.
Ningeukata, bega la mume lingekwenda nao."

Umeme uliporudi kazi ilikuwa salama.
Nikamwonesha: tazama, sikufuta kitu,
chini ya barakoa kila uzi wa koti umo.
Napaka cheupe hapa, bangili hiyo.
Nabonyeza Tengua, haipo tena.
Akaniangalia kama mwizi anayeoneshwa funguo.
"Na yule niliyemkata?"
"Nusu yake unayo?"
"Niliitia mekoni, chini ya sufuria ya maharage."

Nikajitia kusafisha kipanya.

Tukamtumia Salha, binti yake, aliye Mazizini,
aiweke kwenye kadi ya hitima, ile ya kijani.
Dakika mbili, sauti ya Salha kwenye simu:
"Mama, mbona Baba kaja na weupe nyuma?
Kama kavikwa sanda."
Bi Mgeni akageukia mlangoni.
Ni simu, nikamwambia, ni simu tu,
hizi zikibana picha hazijui uwazi;
penye utupu hupaka cheupe.
Nikaituma tena, kama hati, si kama picha.
Safari hii kijani kikapenya hadi kwenye vidole.

Ya nyumbani aliitaka kwa stika angavu,
ya kubandika kwenye kioo cha kabati la vyombo.
Nikapita kwake Ijumaa baada ya sala kumbandikia,
nikasukuma mapovu kwa kadi yangu ya benki.
Mume akakaa vizuri. Koti bado limezidi.
Mkono umeshika bega, unakuja mpaka kifundoni,
halafu unapungua,
na pale unapokwisha, nyuma ya kioo,
vinaonekana vikombe sita vya maua ya buluu, vya zamani,
kimoja kina ufa.

Bi Mgeni akafungua kabati, akakigeuza ufa ukaelekea ndani,
akafunga.
"Chai utakunywa?"
Vikombe vya chai akavitoa jikoni.