Pakiti ya Thelathini

Nilikuwa karani wa stoo bandarini.
Gunia likipungua kilo mbili, nilijua.
Kwa hiyo msiniambie nimezeeka, nimekosea hesabu:
pakiti ina vidonge thelathini,
nameza kimoja baada ya chai,
leo ni siku ya ishirini na mbili
na pakiti imekwisha.

Kabla ya dawa hii usiku wangu ulikuwa ukumbi.
Kitanda, ukumbi, choo. Choo, ukumbi, kitanda.
Mara tano kabla ya adhana,
nimesimama gizani kama bomba letu la Magomeni siku za mgao:
linakoroma, linatema tone, linanyamaza.
Daktari wa Mwananyamala alivaa glovu,
akasema tezi dume imetanuka, saratani hajaiona,
akaandika miligramu tano.
"Mzee Kibwana, hii si dawa ya kichwa.
Usitarajie kitu kesho. Nipe miezi sita."
Mke wangu akasema hata posa yake
haikuchukua muda huo.

Nikakuta wembe juu ya kabati la vyombo.
Robo ya kidonge. Na unga mweupe
juu ya kitambaa cha plastiki cha meza.

Hemedi. Miaka ishirini na tisa,
kofia kichwani hata chumbani,
maana paji lake la uso limeanza kuhamia kisogoni.
Kinyozi kamwambia dawa ya mkojo ya wazee,
ikikatwa vipande vinne,
inarudisha nywele.

Nilikasirika, ndiyo, bei yake naijua.
Kisha nikaona kiganja cha Siwema,
mkewe, mimba ya miezi mitatu,
kinaufuta ule unga
kama unga wa chapati.

Bi Eliaichi wa duka la dawa, Mtaa wa Swahili,
aliweka kalamu chini. Hakucheka.
Kidonge kizima kina koti, alisema,
mwanamke akikigusa hakina neno.
Kikivunjwa kimevua koti.
Unga wake hupenya ngozi ya mama,
na akiwa amebeba mtoto wa kiume
unaweza kumvuruga pale anapoumbwa mwanamume.
Aoshe mikono sasa hivi, kesho aende kliniki
akaseme kila kitu.
Kufuta meza mara moja si hukumu.
Kunyamaza ndiko kubaya.

Na huyo kijana? Kajiandikisha kuchangia damu Ijumaa.
Ajifute! Damu yake ataipewa nani?
Akitaka nywele amwone daktari wake,
apewe kipimo chake, si makombo ya baba.

Halafu akanigeukia mimi.
"Na wewe mzee, chumbani vipi?"
Nikatazama rafu ya sabuni.
Nikasoma majina ya sabuni yote.
"Moyo je? Huzuni isiyo na sababu? Uvimbe kwenye titi?
Usijitibu kwa aibu. Mwambie daktari.
Na ukipimwa damu ya tezi, taja kwamba unameza hii,
namba hushuka karibu nusu,
watakusoma mzima kumbe sivyo."

Nilimwambia daktari. Sentensi moja,
nikiwa nimeshika kitasa cha mlango.
Akaniambia nirudi nikae.

Hemedi alimwambia Siwema mwenyewe. Sikuwamo chumbani,
nilisikia tu kimya, kisha sufuria.
Jumamosi akanyoa kipara.
Ana kovu utosini nilikuwa nimelisahau,
la kuanguka mfereji wa Kigogo akiwa darasa la pili,
nikambeba mgongoni mpaka zahanati.
Siwema alilipapasa kidogo, akaondoa mkono.

Kliniki wamesema watamwangalia.
Hawakusema zaidi.

Pakiti mpya inalala mfukoni mwa kanzu yangu,
vidonge vizima, hesabu kamili.
Jana usiku niliamka mara mbili tu.
Mara ya tatu haikuwa mkojo.
Nilikaa ukumbini, taa nimezima,
nikahesabu kwa vidole miezi aliyobakiza Siwema.
Sita.
Nikarudia hesabu.