Mpenzi Mteja

Barabara ya Saba, kaunta ya mbao iliyoliwa kona,
hapo ndipo nilipoajiriwa kupenda.
Majina mia mbili na arobaini
katika simu yangu mwenyewe, maana duka halina yake,
kioo kimepasuka kama udongo wa Bahi wakati wa kiangazi.

Bosi Mwaluko alinifunza siku ya kwanza:
"Usiandike mteja. Mteja hukimbia.
Andika mpenzi. Mpenzi hurudi
hata ukimpunja."

Basi nikapenda.
Nikampenda fundi bomba wa Kizota
aliyeuliza kama koki ya robo tatu ipo.
Ipo, mpenzi.
Nikampenda mhasibu wa Mtumba na tenki lake la lita elfu tano,
nikampenda katekista wa Mvumi
(ndiyo kipenzi, pampu ina waranti),
nikapenda namba tatu zisizo na jina
na moja niliyoihifadhi MBISHI WA GUNDI.
Saa nne asubuhi kidole kimeshachoka kupenda
na chai sijanywa.

Mapenzi yale yalikuwa na ngazi.
Kabla hujalipa, mpenzi.
Ukilipa nusu, mpendwa.
Siku ya saba ya deni, ndugu mteja.
Siku ya thelathini, jina lako kamili,
na la baba yako, na la mjumbe wa mtaa wako.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
sisi hata huba tuliiandika kwa kalamu nyekundu.

Alhamisi moja, upepo unasukuma vumbi hadi chini ya rafu,
akaingia mama mmoja kutoka Mpunguzi,
simu ameifunga kwenye pindo la kanga kama nauli.
"Mbukwenyi," alisema. Nikaitika, nikaona haya sijui kwa nini.
Akafungua fundo. Akanisomea polepole,
kwa sauti ya kusoma somo kanisani:

"Mambo mpenzi wangu. Ile mipira uliyokuwa unaisubiri
imefika. Njoo mapema. Nakusubiri."

"Na mioyo mitatu," akaongeza. "Mekundu.

Mzee Ndahani ana miaka sitini na minane.
Tumelima zabibu pamoja tangu kipando cha kwanza.
Mimi huniita wee.
Nikimuudhi, ndipo huniita Sechelela.
Sasa mpenzi wake ni yupi hapa?"

Duka likanyamaza.
Fundi wa Kizota akajifanya anapima koki kwa jicho moja.
"Ni mimi," nikasema. "Yaani, ni sisi. Ni huduma kwa wateja."

Akanikagua kama kishada,
akitafuta punje iliyooza.
"Haya. Mita mia shilingi ngapi?"
"Elfu themanini, mama."
"Kwa mpenzi?"
Nikamtazama bosi. Bosi akatazama dari.
"Elfu themanini."
"Ahaa."

Akahesabu noti, akazihesabu tena, akadai risiti,
akajivika lile duara la mpira begani.
Mlangoni akageuka, sauti imeshuka:
"Usimwandikie hivyo tena, binti.
Tangu Jumanne ananyoa ndevu kila asubuhi."

Usiku ule, Nkuhungu, umeme umekatika,
nikataka kumwandikia Mendeyo
anayepakia mahindi Kibaigwa.
Nikaandika M, nikaandika P,
simu ikamalizia yenyewe: mpenzi mzigo umefika.
Nikafuta.
Nikaanza tena: mpenzi bei ni ile ile.
Nikafuta hiyo pia, nikakaa gizani
kidole kinaning'inia juu ya mwanga,
nikitafuta neno ambalo sijaliuza.

Nikaandika: Umekula?

Jibu likaja kabla sijaiweka chini.
Ugali wa uwele na mlenda. Huku upepo mkali.
Wee je?